Wa fildi, msiniletee asilimia ya mabaki

Juzi mmoja wenu kaja mezani kwangu na karatasi bado ina joto la printa. "Mkuu, mabaki asilimia 0.6!" Nikamwuliza, profaili ngapi, zile fito ndefu tunazokata kupata vipande vya milango na madirisha? Hajui. Nilitaka kucheka, nikakumbuka kwamba karatasi kama ile niliwahi kuishika mimi, na meno nje vilevile. Kila msimu wa fildi nayarudia haya kwa mdomo. Sasa nayaandika, anayekuja asome.

1. Bleidi inakula. Ya kwetu inakula milimita 4 kila ikishuka. Ongeza 4 kwenye urefu wa kila kipande, ongeza 4 mara moja tu kwenye urefu wa profaili, hesabu itakaa sawa bila kuhesabu mikato.

2. "Isipungue" na lengo lako lazima vielewane. Hapa nina deni la kuungama.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: vipande 20 vya milimita 2,190 kwa miimo ya milango, na 30 vya 1,590 kwa madirisha. Profaili za mita 6, rangi ya bronzi. Mahitaji nikayaandika kwa "isipungue", yaani idadi ikizidi ni sawa, kama tulivyofundishwa wote. Lengo nikaweka kupunguza mabaki. Mmeona shimo? Mimi sikuliona. Solva, programu inayotafuta mpango bora wa kukata, ililiona.

Virefu viwili na kifupi kimoja vinakula 5,970, na mikato miwili inafika 5,978. Zinabaki milimita 22, na mkato wa mwisho unatoka humo humo, raha tupu. Vifupi vitatu kwenye profaili moja vinaacha zaidi ya mita 1.2. Basi solva ikaukwepa kabisa huo mpangilio wa pili. Ikakata profaili 30, zote kwa mpangilio wa kwanza. Vifupi 30, kamili. Virefu 60, na mimi nilihitaji 20. Kwa solva vile 40 vya ziada havikuwa mabaki, vilikuwa bidhaa. Ripoti ikasoma milimita 660 kwenye mita 180, asilimia 0.37. Niliisoma mara mbili kwa raha zangu. Bosi akaisifu mbele ya watu. Zikanunuliwa 30, zikakatwa zote.

Kisha mzee wa stoo akaniita. Alikuwa amevisimamisha vile virefu ukutani kama watu wanaosubiri daktari, michoro mkononi, penseli sikioni. "Hiki cha mlango gani, mwanangu?" Cha choo cha chini. Akaweka alama. "Na hiki?" Cha chumba cha watoto. Tulipofika cha 20 milango ikaisha, vipande havijaisha. Mzee hakuacha. Akagusa cha 21, "Na hiki?" Kimya. Cha 22. Kimya. Alivipitia vyote hadi cha 60, hakupaza sauti hata mara moja. Angenitukana ningeshukuru.

Zilikuwa zinatosha profaili 17. Msiniamini, pigeni wenyewe: profaili moja haitoi zaidi ya vipande vitatu, vipande ni 50, kwa hiyo 16 haiwezekani. Kumi unakata virefu viwili na kifupi, saba unakata vifupi vitupu. Mabaki yanakuja asilimia 10 na ushee. Namba ya aibu kwenye karatasi, lakini profaili 13 zingebaki dukani nzima na hela yetu ingebaki kwetu. Wateja waliofuata walitaka nyeupe, wengine nyeusi. Bronzi yangu ilikaa stoo hadi ikaota vumbi la kudumu, na kila mgeni akiuliza ni ya nini, kuna mtu wa kumsimulia.

Punguza idadi ya profaili, au andika mahitaji kwa "sawasawa". Basi.

3. LP, hesabu ya solva inayoruhusu desimali, ikikuambia ukate mpangilio mara 4.3, usipandishe kila mpangilio kwenda 5. Shusha yote hadi namba kamili, kisha vipande vilivyobaki vipange vikubwa kwanza.

4. Usiorodheshe mipangilio yote kwa mkono. Solver ya Excel inagoma ikizidi vigeu 200, na wanahisabati Gilmore na Gomory walishatuokoa tangu 1961: anza na michache, bei kivuli (thamani ambayo LP inakipa kila kipande) ziingie kwenye tatizo la begi (kuchagua vipande vyenye thamani kubwa zaidi vinavyoenea profaili moja), begi likuletee mpangilio mpya hadi lisiwe na wa kukuletea.

5. Mheshimuni fundi wa mashine. Niliwahi kumpa mipangilio 14 kwa profaili 31. Kila mpangilio anahamisha stopa, anapima kwa tepu, anakata cha majaribio. Akaniambia "sawa mkuu". Nikaondoka nikijua nimeeleweka. Kumbe karatasi aliiweka chini ya chupa ya chai, akakata virefu kwanza kama alivyokata miaka yote. Akatumia 32, moja zaidi yangu, na kabla ya saa saba mchana alikuwa anafagia. Mpango wangu ungemweka hapo hadi jioni. Siku hizi kila mpangilio mpya nautoza faini ndani ya lengo, na nikimaliza nampelekea yeye kwanza, bosi baadaye.

Wewe wa asilimia 0.6, rudi uniletee idadi ya profaili. Na kabla hujaprinti tena, pita stoo na tepu: kuna vipande viwili vya mita 4 vilivyobaki kazi ya wiki iliyopita, faili lako halivijui.