Umeteuliwa kuwa mwalimu mkuu? Anzia darasani

Hongera kwa uteuzi wa kuongoza shule hapa Uganda. Wiki za kwanza utazungukwa na karatasi: hesabu za ruzuku, barua za ofisi ya elimu ya wilaya, mahudhurio ya walimu kwenye mfumo wa TELA, na wazazi wamekaa mlangoni tangu asubuhi. Kazi hizo zote ni zako. Lakini ukiziachia zikumeze kutwa nzima, hakuna atakayejua kama watoto wanajifunza, na hilo ndilo uliloteuliwa kulisimamia.

Hedimasta wa enzi zetu za utoto alijulikana kwa kengele na fimbo. Fimbo imekatazwa na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016. Kwa walio sekondari, mtaala mpya ulioanza 2020 umebadilisha mambo zaidi. Tangu watahiniwa wake wa kwanza wakae mtihani wa UCE, ule wa kumaliza kidato cha nne, mwaka 2024, alama 20 kati ya 100 zinatokana na kazi anazofanya mwanafunzi shuleni. Huwezi tena kungoja matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, ndipo ujue shule yako inafundisha vipi. Sehemu ya matokeo hayo inatengenezwa mbele ya macho yako, na alama za kubuni zikipelekwa, wewe ndiye wa kujibu.

Mimi naijua zaidi shule ya msingi, kwa hiyo nisemee huko. Darasa ninalokusihi ulitembelee mapema ni P4, yaani darasa la nne la msingi. Katika shule nyingi mtoto amesoma kwa lugha ya nyumbani hadi P3, na hapo P4 anaingizwa kwenye Kiingereza. Wengi hupotelea hapo kimyakimya. Kaa nyuma. Usimwangalie mwalimu tu, chukua madaftari mawili, moja la mtoto wa mbele na moja la yule aliyebanwa dirishani. Utaona sentensi imenakiliwa ubaoni, maneno yameshikana bila nafasi, na chini yake kuna alama ya vema kwa wino mwekundu. Mwombe mtoto aisome. Ataisoma yote bila kusita. Sasa funika mwanzo kwa kidole, umwonyeshe neno la katikati. Akinyamaza, basi ameikariri kwa kuwasikiliza wenzake, hajui kusoma. Jaribio hilo halichukui hata dakika mbili, na litakuambia mengi kuliko ripoti ya muhula.

Mwalimu wa darasa hilo usimseme mbele ya watoto wala kwenye chumba cha walimu. Zungumza naye siku hiyo hiyo, mkiwa wawili. Mwulize yeye kwanza aliona nini. Mkubaliane jambo moja tu la kubadilisha, labda kusomesha watoto mmoja mmoja badala ya darasa zima kuitikia pamoja, kisha rudi wiki inayofuata. Usiporudi, ataamini ulikuja kumkagua. Na ukumbuke darasa lake linaweza kuwa na watoto wengi kuliko madawati, kwa hiyo nenda na msaada mkononi: vitabu vilivyofungiwa stoo, au mwenzake wa kumshika mkono.

Jambo jingine litakalokupa upinzani ni mgawanyo wa walimu. Shule nyingi huwapeleka walimu hodari P7 kwa ajili ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na P1 anabaki yeyote aliyesalia. Mpeleke mmoja wa hodari wako P1. Wazazi watalalamika, hata kamati ya shule itakuuliza. Waonyeshe yale madaftari ya P4.

Fedha nazisemea kwa ufupi. Utafiti uliofanyika hapa nchini ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zilizokusudiwa, na hali iliboreka serikali ilipoanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa. Bandika basi hesabu zako kwenye ubao wa matangazo kila muhula, kiasi kilichoingia na kilikokwenda. Wazazi wakiziona, utaweza kuwaomba chakula. Sheria imeuweka mzigo wa chakula kwa mzazi, na mtoto mwenye njaa hasikii lolote saa nane mchana. Omba mahindi na maharage msimu wa mavuno, maana pesa taslimu vijijini ni ngumu.

Tangu Baraza la Mawaziri lilipopitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima, shule nyingi zinalia kukosa walimu. Ukiwa Busia au Malaba, mpakani, watoto wanakisikia sokoni kila siku. Waanzishie klabu hata kabla mwalimu hajaletwa.

Na ili upate nafasi ya yote haya, kaa na naibu wako mapema. Mpe madaraka kamili ya ofisi kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi, pamoja na simu, na uandike mlangoni kwamba mwalimu mkuu anaonana na wageni kuanzia saa tano.