Usiulize "Umeelewa?": Niliyojifunza kwenye dirisha la dawa Eastleigh

Kwa miaka saba nimekuwa nikitoa dawa katika duka moja la Eastleigh, mtaa wa Nairobi ambao wengi huutamka Isili, na ambako mtu akishuka kwenye matatu namba 6 au 9 husikia Kisomali, Kioromo, Kiamhari, Kikuyu, Kimeru cha wauza miraa, Kiingereza na Kiswahili kabla hajavuka barabara. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na nilipofika niliamini kwamba Kiswahili changu kingenitosha. Nawaandikia wenzangu mnaohudumia watu wa lugha nyingi, iwe dukani, hospitalini au benki, kwa sababu ya kosa moja ambalo sijalisahau.

Mama mmoja Mworomo kutoka Ethiopia alikuja kumchukulia mwanawe antibiotiki ya maji, ya kunywa mara mbili kwa siku. Niliandika "8 – 8" kwenye boksi, nikamweleza taratibu, nikamuuliza kama ameelewa, naye akaitikia kwa kichwa. Siku ya tano alirudi macho yamemvimba kwa usingizi, akauliza ni dawa gani hii inayomlazimu kumwamsha mtoto usiku wa manane. Nilikuwa nimeandika kwa saa za Kiingereza, ilhali Waethiopia huhesabu saa kuanzia asubuhi kama tunavyohesabu sisi Waswahili. Kwake 8 ilikuwa saa nane ya mchana na saa nane ya usiku. Mimi ninayesema "saa mbili asubuhi" kila siku ya maisha yangu ndiye niliyeiacha saa tuliyokuwa tunashirikiana naye. Kwa bahati dozi zilipishana kwa saa 12 kama ilivyotakiwa, na mtoto hakudhurika. Nilimwomba radhi, na hadi leo naona haya nikikumbuka uso wake.

Tangu hapo siandiki tarakimu peke yake. Nachora jua linalochomoza na mwezi, na chini ya kila kimoja nachora vijiko kwa idadi yake. Swali la "umeelewa?" nimeliacha kabisa, kwa maana jibu lake ni "ndiyo" katika kila lugha: Msomali atakujibu "haa", mwingine ataitikia kwa kichwa, kwa kuwa mgeni huona vibaya kumsumbua mtu aliyevaa koti jeupe wakati foleni nyuma yake inazidi kurefuka. Badala yake nampa kikombe cha kupimia na kumwambia, "Mama, hebu nionyeshe utakavyompa mtoto ukifika nyumbani." Ni hapo ndipo ninapojua kama tumeelewana.

Wala msidhani kwamba wanaopotezana ni wenye lugha tofauti tu. Nyumbani tulizoea kusema "kimoja kutwa mara tatu", na nilimwambia hivyo kijana mmoja wa Nairobi. Yeye aliichukua "kutwa" kwa maana yake halisi, yaani mchana, akameza vidonge vyote vitatu kabla ya jua kuzama. Kwa maana ya neno, kijana alikuwa sahihi kuliko mimi. Sasa nasema: asubuhi kimoja, mchana kimoja, usiku kabla ya kulala kimoja. Vivyo hivyo, nilichukua muda kuzoea kuambiwa "nipatie dawa ya kichwa" pasipo "naomba", hadi nilipotambua kwamba adabu ya Nairobi imo katika sauti na salamu, na kwamba nilikuwa nikiwanunia watu bure.

Jifunzeni pia maneno machache ya kila lugha iliyo mlangoni kwenu. Asubuhi ni "subax" kwa Kisomali na "ganama" kwa Kioromo; usiku ni "habeen" na "halkan". Kiarabu nacho kimetupa urithi wa pamoja na Wasomali, ndiyo maana "daawo", "saacad" na "saabuun" hazimpi tabu anayejua dawa, saa na sabuni.

Jambo ninalolishikilia kuliko yote ni kutomtumia mtoto kama mkalimani wa ugonjwa. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi yake haki ya mkalimani bila malipo, lakini kwenye dirisha la dawa kila mmoja hujitafutia, na mara nyingi anayepatikana ni mtoto aliyetoka shule. Nimemwona binti wa miaka kama kumi akitakiwa kueleza jinsi mama yake anavyotokwa na damu, akitazama chini, akiruka maneno. Sikuweza kuendelea. Siku hizi namuuliza kwanza mgonjwa kama yuko radhi, maana Isili watu wanajuana, kisha namwita dada anayeuza mashuka duka la pili. Tunaingia chumba cha nyuma watu wazima watatu, na mtoto anabaki mbele na biskuti yake.