Moto una mipaka yake: kwa wanagenzi wa biashara ya chakula

Anayeanza kuuza urojo, pweza au juisi hapa Unguja huambiwa mapema kwamba chakula kikiiva hakina madhara. Moto huua vijidudu, ni kweli, lakini baadhi ya sumu haziondoki hata ukichemsha mpaka maji yakauke.

Mfano wa karibu ni samaki. Jodari, vibua na dagaa wakichelewa kutiwa barafu, bakteria hutengeneza sumu iitwayo histamini ndani ya nyama. Haitoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha, na samaki huyo huenda asinuke hata kidogo. Mlaji huhisi ulimi unawasha kama kala pilipili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma na moyo unakwenda mbio, aghalabu ndani ya saa moja. Wengi hudhani ni mzio. Kwa hiyo ukinunua dikoni au Darajani, usitosheke na macho maangavu na mashavu mekundu. Tia mkono chini ya samaki: barafu iwe chini na juu, na tumbo liwe baridi. Kama yuko vuguvugu, muache hata akiwa bei ya kutupa. Nyama ya kasa ndiyo usiiguse kabisa. Kisiwa Panza, Pemba, Machi 2024, iliua watoto 8 na mtu mzima mmoja, na hakuna mapishi yanayoiondoa sumu yake.

Pilau nayo ina hila. Mbegu za bakteria fulani hustahimili kuchemka, kisha huchipua wali unapopoa polepole. Sufuria kubwa ikifunikwa na kuachwa usiku, katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na sumu ya kutapisha inayotokea humo haivunjwi na kupasha moto asubuhi. Mimina kwenye masinia, unene usizidi vidole vitatu, na uingie friji ndani ya saa 2. Umeme ukikatika usiku kucha, tupa.

Kwenye urojo, rojo lenyewe ni salama likikaa moto muda wote, juu ya nyuzi 60. Hatari imo katika vinavyowekwa juu yake: chatini ya nazi, kachumbari, na viazi vilivyomenywa kwa mkono wenye kidonda. Chatini tengeneza kidogo kidogo, ya saa mbili tu, na usichanganye ya zamani na mpya.

Juisi ya miwa haipiti motoni hata mara moja. Osha miwa kwa maji safi kabla na baada ya kumenya, na barafu iwe ya maji ya kunywa, kamwe si ile ya samaki, maana kuganda hakuui kipindupindu. Ndoo ya kuoshea gilasi ndiyo mbaya kuliko mashine. Gilasi ya mteja wa kwanza huoshwa kwa maji yatakayoosha ya mteja wa thelathini. Weka ndoo mbili: moja ya sabuni, ya pili ya maji yaliyotiwa klorini ya asilimia 5 isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 za maji. Gilasi ziache ndani dakika moja, zianike zikauke bila kufutwa na kitambaa. Maji yakichafuka, mwaga.

Ukiharisha au kutapika, usirudi kibandani mpaka zipite saa 48 tangu ulipoacha, hata kama siku hiyo ni ya sikukuu.