Kabla ya kuiogopa Chicago, uliza atakaa bloki gani

Ndugu yangu, umeuliza kama ni kweli kwamba Chicago ni jiji la kuuana, kwa sababu mdogo wako wa kike amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Chicago, pale Hyde Park, na mama yenu amesema hatampa baraka zake kwenda kufa kwa risasi ugenini. Nimeishi katika jiji hili tangu mwaka 2012, na kwa miaka tisa sasa kazi yangu imekuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuwakumbusha dawa na kukesha nao. Kazi hiyo imenipeleka Lincoln Park, wanakoishi matajiri, na imenipeleka Austin na Auburn Gresham, ambako mlango mmoja una makufuli matatu. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, wala sitamficha mama jambo lolote, kwa kuwa mzazi aliyefichwa kitu akaja kukigundua mwenyewe hatulii tena.

Mwaka 2021 waliuawa katika jiji hili watu wapatao 800, idadi ambayo haikuwa imefikiwa kwa muda wa robo karne. Mwaka 2024, kwa hesabu ya polisi, waliouawa walikuwa 573. Wenyeji wa siku nyingi wanakumbuka miaka mibaya zaidi, 1974 na 1992, ambapo waliouawa walizidi 900 kila mwaka. Wakazi ni kama milioni 2.7, hivyo idadi ya 2024 ni sawa na watu 21 kwa kila watu 100,000. Miji kama St. Louis na Memphis ina viwango vikubwa kuliko hicho, lakini ni midogo, na jumla yake haitikisi vichwa vya habari kama ya Chicago. Hata hivyo sitaki mtu amtulize mama kwa kumwambia kwamba kuna kwingine kubaya zaidi. Kiwango cha Chicago mwaka huo kilikuwa zaidi ya mara nne ya kile cha New York, na hilo ni jambo la kusikitisha kwa kila anayelipenda jiji hili, nami ni mmoja wao.

Tatizo la takwimu hizo ni kwamba zinazungumzia mahali ambapo hakuna mtu anayeishi. Hakuna anayeishi katika Chicago nzima. Katika miaka ya 1920 wanazuoni wa chuo hicho hicho anachokwenda mdogo wako waliligawa jiji katika maeneo, ambayo leo ni 77, na ukizitazama takwimu kwa maeneo hayo unaona nchi mbili zinazopakana. Edison Park, upande wa kaskazini-magharibi, inaweza kumaliza mwaka bila mtu hata mmoja kuuawa. West Garfield Park, yenye wakazi wasiofika 18,000, katika miaka mibaya imezidi mauaji 100 kwa kila watu 100,000. Umbali kati ya mitaa hiyo miwili ni safari ya gari isiyozidi saa moja.

Na hata ndani ya mtaa mmoja hali haifanani. Hapa watu hupima maisha yao kwa bloki, yaani kile kipande cha barabara kati ya makutano mawili. Nilikaa South Shore miaka mitatu, kusini ya Hyde Park, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na ziwa lilikuwa karibu. Jioni za Julai nilisikia milio ya risasi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Lakini kwenye bloki yangu mwenyewe sikuona tukio hata moja. Pembeni mwa barabara palisimama kibao cha chama cha wakazi wa bloki hiyo, chenye orodha ya makatazo: kupiga muziki kwa sauti ya juu, kuosha magari barabarani, kukaa vijiweni. Mama mmoja mstaafu ndiye aliyekuwa kiongozi wao, na nilipomjua nilimkumbuka mjumbe wetu wa nyumba kumi kule Morogoro, kwa sababu alijua nani amehamia, nani anaumwa na kijana wa nani ameanza kurudi usiku wa manane. Wiki ya kwanza alibisha hodi kwangu akaniuliza jina, kazi na saa ninazotoka. Mwanzoni nilidhani ananipeleleza. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akiniingiza katika ulinzi wake, kwa maana tangu siku ile, kila niliporudi kutoka zamu ya usiku, taa ya kibarazani kwake ilikuwa inawaka. Bloki mbili kuelekea magharibi hapakuwa na mtu kama yeye. Kulikuwa na nyumba nne zilizozibwa kwa mbao, na huko ndiko polisi walikokuwa wakiweka utepe wao.

Nyumba zilizozibwa kwa mbao zina historia, na naomba mama aijue, asije akadhani kwamba watu wa mitaa hiyo wamezaliwa na ukatili. Kwa miaka minne nilimhudumia bibi mmoja huko Austin, aliyekuja kutoka Mississippi akiwa msichana, kama walivyofanya mamia ya maelfu ya Wamarekani Weusi waliokimbilia kaskazini kutafuta kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye na mumewe walinunua nyumba North Lawndale. Benki hazikuwakopesha, kwa kuwa tangu miaka ya 1930 ramani za serikali kuu zilikuwa zimeipaka mitaa ya Weusi rangi nyekundu, na mikopo ya huko haikudhaminiwa. Wakalazimika kununua kwa mkataba kutoka kwa dalali aliyewauzia kwa bei kubwa kuliko thamani yake, huku hati ikibaki mikononi mwake mpaka senti ya mwisho ilipwe. Ukikosa mwezi mmoja, unatolewa, na yote uliyolipa yanapotea. Mwaka 1966 Martin Luther King alipanga nyumba katika mtaa huo huo ili kuyapinga makazi ya kibaguzi, na mwaka 1968 wanunuzi waliodhulumiwa walianzisha umoja wao wa kudai haki. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, King alipouawa, maduka ya barabara ya Madison yaliteketea kwa moto, na mengi hayakujengwa tena. Halafu viwanda vikafungwa, na miaka ya 1970 makao makuu ya kampuni ya maduka ya Sears, yaliyoajiri watu wengi wa Lawndale, yakahamia katikati ya jiji. Bibi alikuwa akinisimulia hayo nikimsuka nywele, bila hasira, akitaja nani alikaa nyumba ipi. Ukiitandika ramani ya risasi za leo juu ya ramani ile ya rangi nyekundu, kwa sehemu kubwa zinalingana, wala huhitaji mtaalamu akueleze kwa nini.

Jambo la pili ambalo wageni hawalijui ni kwamba risasi hizo hazitawanyiki ovyo kama mvua. Mtafiti Andrew Papachristos na wenzake walichunguza watu waliojeruhiwa kwa bunduki katika jiji hili, wakaona kwamba asilimia 70 ya majeruhi walitoka katika mitandao ya watu waliowahi kukamatwa pamoja, mitandao ambayo jumla yake haifiki asilimia 6 ya wakazi. Ugomvi mwingi ni wa vijana wanaojuana: kisasi, matusi ya mtandaoni, deni, msichana. Magenge makubwa ya zamani yamevunjika vipande vipande, na leo kikundi kinaweza kuwa cha bloki mbili tu. Mwanafunzi wa kigeni anayekwenda darasani na kurudi yuko mbali na ugomvi huo. Nasema yuko mbali, sisemi kwamba hawezi kufikiwa. Mwezi Novemba 2021 kijana aliyekuwa ametoka kuhitimu katika chuo hicho alipigwa risasi na mnyang'anyi akafa, mchana kweupe, katika barabara ya makazi ya Hyde Park. Mama akiitafuta habari hiyo ataipata, na ni afadhali aipate kwako.

Kuna pia wanaofanya kazi ya kuzima moto huo, na wanastahili kutajwa. Mwaka 2000, huko West Garfield Park, daktari Gary Slutkin alianzisha mpango wa kuwatumia watu wanaoheshimika mitaani, wengine waliowahi kufungwa, kwenda kwa aliyejeruhiwa na kwa nduguze kabla kisasi hakijalipwa. Fikra hiyo aliitoa kwenye tiba ya magonjwa ya kuambukiza, na alijifunza sehemu yake kwetu Afrika, kwa kuwa alikuwa amepambana na kifua kikuu Somalia na UKIMWI Uganda. Nimewaona watu wa namna hiyo wakisimama kwenye kona usiku wa baridi kali, wakiongea na vijana ambao mimi nisingethubutu hata kuwasalimu.

Sasa nije kwenye yale yanayoweza kumpata mdogo wako kwa urahisi zaidi, nayo ni wizi na uporaji. Mimi nimeibiwa mara mbili. Mwaka 2019 nilikuwa nimeketi karibu na mlango wa treni, simu mkononi, na kijana aliivuta akaruka nje mlango ulipokuwa ukifungwa, kama wanavyofanya vibaka kwenye madirisha ya daladala. Mwaka 2022 gari langu lilichukuliwa usiku huko Lakeview, mtaa ambao kila mtu huusifu, nikiwa kwa mgonjwa. Sitaki utoe hitimisho kutokana na hayo. Gari moja halisemi chochote kuhusu mtaa mzima. Ninachokusihi ni kutofautisha makosa unapoangalia takwimu. Jiji limefungua kumbukumbu za uhalifu kwa umma, kuanzia mwaka 2001 hadi wiki moja kabla ya siku unayotafuta, na kila tukio limewekwa kwenye bloki yake. Tafuta anwani ya nyumba, kisha hesabu risasi na uporaji wa nguvu peke yake, na wizi wa madukani peke yake. Ukichanganya, katikati ya jiji patakutisha bure, kwa sababu wanaoripoti kuibiwa huko wengi ni wafanyakazi na watalii wasiohesabiwa kama wakazi.

Awe macho pia na matangazo ya nyumba. Mwenye nyumba mmoja aliwahi kunionyesha chumba alichokitangaza kuwa ni cha Hyde Park, kumbe ni mbali kabisa. Anwani za hapa hazidanganyi: sifuri iko kwenye makutano ya barabara za State na Madison, na kila namba 800 ni maili moja. Nyumba yenye namba 5400 kusini iko kwenye barabara ya 54. Yenye 6700 kusini iko kwenye barabara ya 67, tayari ni mtaa mwingine. Kwa mwaka wa kwanza ningemshauri akae kati ya barabara za 51 na 59, mashariki ya Cottage Grove. Chuo kina polisi wake na mabasi yake ya usiku, na ayatumie bila kuona haya, hasa Desemba, giza linapoingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Asichukue chumba cha chini chenye dirisha linalotazama uchochoro. Akitishwa, atoe simu na mkoba bila kubishana.

Na akidhurika, aripoti. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu wenzetu wengi, hasa ndugu kutoka Kongo waliopokewa Rogers Park na mitaa ya jirani, hunyamaza wakihofia habari za vibali. Sheria ya jiji inawazuia polisi wa Chicago kumuuliza mtu hali yake ya uhamiaji, na sheria ya nchi ina viza maalumu, iitwayo U, kwa waathirika wa makosa makubwa wanaosaidia upelelezi, ingawa huchukua miaka mingi kutolewa. Aliyenyamaza hahesabiwi, na bloki yake huonekana salama kwenye ramani wakati siyo. Polisi wa kila eneo la doria wana mikutano na wakazi, kama ulinzi shirikishi wa kwetu, na kata zote 50 zina diwani mwenye ofisi inayopokea malalamiko. Ahudhurie mkutano mmoja tu. Atawajua majirani zake zaidi kwa saa mbili kuliko kwa mwaka mzima wa kusoma takwimu.

Mwambie mama kwamba mimi naishi dakika ishirini kutoka chuoni, na nina mabinti wawili wanaosoma katika shule za jiji hili. Mdogo wako asisaini mkataba wa nyumba akiwa bado nyumbani. Aje wiki mbili mapema, alale kwetu, kisha tutaitembelea kila bloki aliyoipenda mara mbili, saa nne asubuhi na saa tatu usiku, na tutabisha hodi kwa jirani mmoja tumuulize.