Usiseme "nimekushika" kama hujamshika

Wadogo zangu mnaoanza kufundisha flikiflaki, ule mruko wa jimnastiki wa kwenda nyuma, kutua kwa mikono, kisha miguu, jana nilikaa kwenye benchi nikiwatazama. Mara tatu nilisikia "nimekushika, nimekushika" ilhali mkono uko hewani. Mliponiona nimesimama ghafla mlidhani nimekasirika. Niliogopa. Haya nilipaswa kuwaambia tangu wiki yenu ya kwanza.

1. Ukuta kwanza, pipa baadaye, yaani lile godoro la mviringo tunalomlazia mtoto aende nyuma. Mtoto aupe ukuta mgongo, akae kama anayetafuta kiti, magoti yasipite vidole vya miguu. Magoti yakitangulia mbele, ataruka juu badala ya kwenda nyuma, na mikono itatua karibu na visigino. Najua watoto wanalia kwamba wenzao wako kwenye pipa wao bado wako ukutani. Mpe maji, mfute machozi, mrudishe ukutani.

2. Mikono ibane masikio. Kichwa kikitupwa nyuma peke yake, viwiko hukunjika.

3. Mkono wako. Hapa nivumilieni.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na binti wa miaka 10, mwepesi, mwenye bidii ya kutisha. Nilimshika kama nilivyowafundisha ninyi: mkono mmoja chini ya kiuno, mwingine nyuma ya paja. Baada ya miezi nikaanza kuhisi kwamba mikono yangu haibebi kitu tena. Alikuwa anaruka mwenyewe, mimi nimegusa tu. Mwili wake ulikuwa tayari, na hilo sijawahi kulitilia shaka. Yalikuwa yamebaki majuma mawili tufanye maonyesho mbele ya wazazi, nami nilitaka apige flikiflaki peke yake siku hiyo.

Nikamwambia, "Ruka, nimekushika." Nikarudi nyuma hatua moja. Akaruka, akatua vizuri kabisa. Nikacheka kwa furaha: "Umeona? Sikukushika!" Nilidhani nimempa zawadi. Yeye hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba ngazi aliyopanda haikuegemezwa popote.

Alipojiandaa tena akauliza, "Kocha, sasa umenishika?" Nikajibu ndiyo. Safari hii nilikuwa nimenyoosha mkono kweli, lakini hakuniamini tena. Akiwa hewani aligeuza kichwa kuutafuta mkono wangu. Kichwa kilipogeuka, bega likafuata, na uzito wote ukaangukia mkono mmoja uliokuwa umekunjika. Mfupa ulivunjika juu kidogo ya kiwiko. Ile sauti naisikia hadi leo kila mtoto anapotua vibaya.

Halafu nikafanya jambo baya zaidi. Mama yake alipofika hospitali kuniuliza imekuwaje, nilisema, "Aliteleza." Binti alikuwa amelala pale pale, anasikia. Hakunikanusha. Ilinichukua wiki nzima kwenda kwao na kumwambia mama yule ukweli. Alinisikiliza kimya, kisha akasema, "Alishaniambia, mwalimu. Nilikuwa nasubiri wewe."

Hogo lilitolewa, mkono ukanyooka, ukapata nguvu. Lakini kwenda nyuma hakuweza tena. Mbele alifanya kila kitu, tena kwa uzuri. Nikimlaza kwenye pipa tu, mwili wote unakauka, macho yanatafuta mikono yangu iko wapi. Nilijaribu miezi mingi. Mwisho wa mwaka aliacha.

Kwa hiyo, mkono unatoka hivi: mikono miwili, kisha mmoja, kisha viganja vimegusa tu, kisha umesimama karibu bila kugusa, na kila hatua mtoto anaambiwa kabla hajaruka. Anayesema "toa" ni yeye. Kesho akisema "rudisha", unarudisha, wala hununi.

4. Tarehe. Nimesema yalikuwa yamebaki majuma mawili. Elena Mukhina, mwanajimnastiki wa Umoja wa Kisovieti, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1978. Julai 1980, zikiwa zimebaki wiki mbili hivi Olimpiki ya Moscow ianze, alikuwa Minsk akifanya mazoezi ya samasoti ya Thomas, ile ya kupinduka hewani na kutua kwa kubingirika. Mguu aliouvunja kabla ya hapo haukuwa umepona sawasawa. Alivunjika shingo, akapooza mpaka alipofariki mwaka 2006. Baadaye wanawake walikatazwa kuruka samasoti za namna hiyo. Mimi nilipomsoma nilikuwa tayari nimemvunja mtoto wangu mkono, na kilichoniuma ni yale majuma mawili. Tarehe ya mashindano haijui mguu umepona au la. Wewe kocha ndiye unayepaswa kujua, na mzazi akiuliza mbona mwanawe hayumo kwenye orodha, umjibu wewe.

5. Akichoka, mwache. Flikiflaki kumi safi zinatosha siku moja.

6. Angalieni nafasi kati ya magodoro kila baada ya zamu. Yanasogea.

Jumamosi njooni saa mbili, kabla watoto hawajafika. Mtashikana wenyewe kwa wenyewe, mmoja anaruka, mwingine anashika, na anayeruka ndiye atakayesema "toa". Nami nitaruka, mmoja wenu anishike. Vaeni nguo za mazoezi, tunaanzia ukutani.