Maswali ya Wasomaji: Je, Wanafunzi wa Jamii za Asili Wanajitenga?

SWALI: Mhariri, ninasomea shahada ya uzamivu katika chuo kikuu kimoja mjini Vancouver, Kanada. Wenzangu wa Mataifa ya Kwanza, yaani jamii zilizoishi huko kabla ya Wazungu kufika, wana kikundi chao cha wanafunzi wa uzamili na uzamivu, ambamo hukutana na wazee wao, hula pamoja na kusomeana sura za tasnifu. Mimi pia niko mbali na watu wangu, lakini sikualikwa. Mmoja wao, ambaye tunatumia ofisi moja, anafikiria kuacha masomo. Je, huku si kujitenga? Nami nimsaidieje? (Msomaji, Vancouver)

JIBU: Ndugu msomaji, upweke wako ninauelewa na ninakupa pole. Hata hivyo, wewe ulikifuata chuo, ilhali mwenzako anasoma mahali ambapo chuo kilijengwa juu ya ardhi ya watu kama yeye. Ardhi yenyewe ya University of British Columbia, kwa mfano, ni ya taifa la Musqueam, ambalo halikuwahi kuikabidhi kwa mkataba.

Kwa watu hawa elimu ya juu iliwahi kuwa na gharama ambayo wewe na mimi hatujawahi kudaiwa. Sheria ya Wahindi ya Kanada ya mwaka 1876 ilisema kwamba Mhindi, kama walivyoitwa wakati huo, akipata shahada ya chuo kikuu anahesabiwa kuwa ameacha hadhi yake ya kisheria, na pamoja nayo nafasi yake katika jamii yake. Kifungu hicho kililegezwa baada ya miaka michache, lakini shule za bweni zilizowatenga watoto na wazazi na lugha zao ziliendelea hadi miaka ya 1990. Ndiyo maana mwanafunzi wa leo anaweza kuwa na bibi ambaye neno shule bado linamtia hofu, na bibi huyohuyo ndiye anayemsubiri arudi na shahada.

Kikundi unachokiona kina chimbuko lake. Wasomi wa Kimaori, yaani wa jamii ya asili ya New Zealand, akiwemo Graham Hingangaroa Smith, walijiwekea lengo la kupata Wamaori 500 wenye shahada ya uzamivu au walio njiani kuipata katika muda wa miaka mitano, na wakaona kuwa lengo hilo halifikiki kwa kumwachia kila mwanafunzi apambane peke yake katika idara yake. Katika jimbo la British Columbia, uliko mji wa Vancouver, mfano huo ulichukuliwa na ukaanzishwa mtandao wa SAGE, unaowaunganisha wanafunzi wa vyuo mbalimbali na wahadhiri wa jamii za asili.

Manufaa yake hayaishii kwenye faraja. Mtafiti anayerudi kwao kuwahoji wazee wake anawajibika kwa pande mbili: chuo kinataka data na tasnifu kwa tarehe iliyopangwa, na jamii inataka kujua nani atamiliki maelezo yake, nani atayahifadhi na nani ataruhusiwa kuyasoma, kama zinavyodai kanuni za data za utafiti ziitwazo OCAP, ambazo Mataifa ya Kwanza yenyewe yaliziweka mwaka 1998. Msimamizi ambaye hajawahi kufanya utafiti wa aina hiyo anaweza kuona uvivu pale ambapo mwanafunzi anasubiri ridhaa ya baraza la jamii yake. Juu ya hayo, idara humwita mwanafunzi huyohuyo katika kila kamati na kila hafla inayohitaji sura ya mtu wa asili, bila malipo, na kwa maoni yangu huu ndio mzigo unaowachosha wengi bila wakubwa kuuona. Katika kikundi hakuna haja ya kueleza lolote kati ya haya kabla ya kuanza kazi.

Usiamini pia wanaosema kuwa wote wanasomeshwa bure. Ufadhili wa serikali kwa Mataifa ya Kwanza hupitia kwenye mabaraza yao, na kuanzia mwaka 1996 nyongeza yake iliwekewa ukomo wa asilimia 2 kwa mwaka kwa muda mrefu, hata wengine wakakosa.

Kwa mwenzako, usianze kwa ushauri. Muulize ni kazi gani ya idara inayomla muda, kisha, akikubali, jitolee kuichukua. Akisema tatizo ni msimamizi, mkumbushe kwamba kumbadilisha au kumwongeza wa pili kwa kawaida huruhusiwa, na umsindikize akitaka. Kuhusu mialiko, milo na mihadhara mingi iko wazi kwa wote. Nenda kwenye hiyo, na kikao chao cha ndani uwaachie wenyewe.

SWALI: Je, tasnifu ni lazima iwe kwa Kiingereza au Kifaransa? (Mwalimu wa lugha)

JIBU: Si kila mahali. Fred Metallic wa taifa la Mi'kmaq aliandika tasnifu yake ya uzamivu kwa lugha yake katika York University, Toronto, akaitetea mwaka 2010. Anayetaka njia hiyo aulize kabla ya kujisajili ni nani katika jopo atakayeweza kuisoma, na apate jibu hilo kwa maandishi.