Escort Mk2 iliyopasuka mnara wa shokapu: nyoosha kwanza, chuma baadaye

Mkuu, kwa jinsi ulivyoeleza, Ford Escort Mk2 yako ya mashindano imetumbukiza gurudumu la mbele kushoto korongoni, mnara wa shokapu (sehemu ya bodi inayoshika kichwa cha shokapu ya mbele) umepasuka, boneti haikai sawa, na fundi anataka kuchomelea bamba la milimita 3 juu ya ufa akukabidhi gari jioni. Mzuie. Bamba likichomelewa kwenye bodi iliyopinda linaigandisha hivyo hivyo, na siku ukitaka kuinyoosha itabidi ukate kila kitu upya.

Anza na vipimo. Toa injini, krosimemba (chuma kinachokingama chini ya injini), shokapu, betri na tangi la mafuta, kisha weka gari juu ya stendi nne, zote zikiwa sawa kwa pima maji. Shusha timazi kutoka kwenye matundu ya bolti za krosimemba na kwenye vishikio vya mbele vya springi za nyuma, tia alama za chaki sakafuni, halafu pima mishazari, yaani kona hadi kona ya mkabala. Tofauti ikizidi milimita 3, bodi imeenda upande. Rudia juu: katikati ya kila mnara hadi kona ya mkabala ya ukuta unaotenga injini na dereva, na mnara hadi mnara. Fenda na boneti usizitegemee kwa vipimo. Gari la umri huu limeshapita mikononi mwa mafundi wengi, na wengi wao walizisogeza ili tu mianya ionekane mizuri.

Mnara ukilalia ndani, gurudumu nalo huinamia ndani kwa juu. Hapo ndipo watu hununua shokapu mpya bure. Laza rula ndefu iliyonyooka kando ya bomba la shokapu. Ikiwa limenyooka, kosa liko kwenye bodi. Kagua pia stabilaiza, fimbo ya chuma inayozuia gari kulala upande kwenye kona. Kwenye Escort ya kawaida ndiyo inayoshikilia mkono wa chini usirudi nyuma, kwa hiyo pigo la korongo hupitia humo na kung'oa vishikio vyake mbele ya chesisi. Ufa huo hufichwa na tope na rangi ya lami, na hauonekani mpaka ukwangue.

Kunyoosha kunahitaji bodi ifungwe imara chini, kwenye kingo za milango pande zote mbili, la sivyo utavuta gari zima. Funga bamba nene kwenye matundu matatu ya bolti juu ya mnara, uvutie hapo kwa mnyororo na jeki ya haidroli, kinyume kabisa na njia iliyopita pigo. Vuta kidogo, gonga mikunjo kwa nyundo huku mnyororo ukiwa umekaza ili chuma kitulie, achia, pima. Bati hurudi nyuma ukiliachia, kwa hiyo kila mvuto uzidishe milimita chache. Moto wa gesi usiuguse hapa: bati lina unene wa karibu milimita 1 tu, likipashwa hutanuka na kulegea, nawe umejiongezea kazi. Penye mkunjo mkali au kutu, kata utie kipande kipya.

Vipimo vikikubali, ndipo ushughulikie ufa. Ufa wa kweli ni mrefu kuliko unaouona kwa macho. Tumia dawa ya rangi ya kutafutia nyufa, toboa tundu la milimita 3 pale unapoishia, kisha uchomelee kwa MIG, mashine ya weldi ya waya na gesi, yenye waya wa milimita 0.8. Mahali ambapo bati mbili zilizoshikana kwa nukta za weldi zimeachana, toboa bati la juu matundu ya milimita 8 uyajaze kwa weldi.

Sasa bamba. Kwangu mimi la milimita 2 linatosha, na la 3 ni kosa. Tofauti kubwa ya unene huhamishia nguvu zote kwenye ukingo wa bamba, na ufa mpya utazaliwa palepale, sentimita moja pembeni mwa weldi. La maana zaidi ni umbo: bamba lisiishie kama kofia juu ya mnara, bali literemke ubavuni hadi kwenye chesisi, na kingo zake ziwe za mviringo bila pembe kali. Chomelea milimita 25, ruka 25, ukihama upande mmoja hadi mwingine ili joto lisivute bodi. Muda wote huo minara yote miwili iwe imeunganishwa kwa chuma kigumu kilichofungwa kwa bolti, usije ukapoteza vipimo ulivyovipigania.

Krosimemba usirudishe ya kawaida. Tafuta ile iliyoimarishwa, inayoitwa World Cup kutokana na mashindano ya World Cup Rally, London hadi Mexico, ya 1970. Escort ndiyo iliyompa Hannu Mikkola ushindi wa Safari Rally mwaka 1972 na Björn Waldegård mwaka 1977, na barabara hizo hazisamehe vishikio dhaifu.

Kwenye mabomba ya kinga ndani ya gari (roll cage), FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, inataka chuma cha kaboni kilichovutwa baridi kisicho na mshono. Tao kuu liwe 45 × 2.5 au 50 × 2.0 (kipenyo kwa unene, milimita), mengine 38 × 2.5 au 40 × 2.0. Miguu ya tao kuu ikae juu ya bamba la angalau milimita 3 lenye eneo la sentimita za mraba 120, lililochomelewa kwenye bodi, na bolti za kila mguu zisipungue tatu za M8 daraja 8.8. Kabla ya kuongeza chochote, soma fomu ya homologesheni ya gari (hati ya FIA inayoonyesha gari liliidhinishwa likiwa vipi) na Kiambatisho K cha FIA, kanuni za magari ya kihistoria, maana uimarishaji usiokuwepo zama zile unaweza kukukosesha ukaguzi.

Mwisho paka praima ya zinki, na ndani ya chesisi pulizia nta, kwa sababu weldi imeunguza kinga yote iliyokuwemo. Puti usitie mnarani: inaficha ufa unaorudi. Endesha kilomita 200 za vumbi, rudisha gari kwenye stendi, pima mishazari tena na uangalie ukingo wa kila bamba.